Ngazi ya Ngamiani: kupima ubaguzi bila kujidanganya

Keti kwenye baraza lolote la Ngamiani, Tanga, uulize, "Je, wewe una ubaguzi wa kabila?" Utajibiwa hapana, kisha utakaribishwa kahawa. Jibu hilo halifai kwa utafiti. Watu wamelelewa kuona kwamba kudadisi kabila ni utovu wa adabu. Hata sensa yetu haiulizi kabila wala dini. Kwa hiyo anayeanza kazi hii hana takwimu za mtaa za kumwonyesha nani yuko wapi, na swali la moja kwa moja haliwezi kumsaidia.

Kosa la kwanza limo ndani ya neno lenyewe. Kiswahili cha kila siku huita "ubaguzi" mambo matatu: fikra ("wale ni wachoyo"), hisia (dharau, hofu, chuki) na kitendo (kumnyima mtu chumba cha kupanga). Haya hayaendi pamoja siku zote. Mtu aweza kuwa na dharau moyoni na bado akapangisha, kwa kuwa kodi ni kodi. Chagua unapima lipi kabla hujaandika swali hata moja.

Kwa utayari wa kukaribiana, ngazi ya mwanasosholojia Emory Bogardus ya mwaka 1925 bado inafaa. Kwake Marekani ilikuwa na vipandio saba, kuanzia kukubali undugu wa ndoa hadi kutaka kundi lisiruhusiwe nchini. Usiitafsiri tu, ijenge upya. Chukua kipandio cha "jirani". Katika nyumba ya Kiswahili yenye vyumba pande mbili za ukumbi, wapangaji wanatumia uwa mmoja na choo kimoja. Jirani wa nyumba ya pili na mpangaji mwenzio ni umbali tofauti kabisa, na ukiviunganisha utapoteza kipandio chenye habari nyingi kuliko vyote. Ngazi inayofaa Ngamiani inaweza kwenda hivi: kuoana, kula sinia moja, kuchangia uwa na choo, kukaa mtaa mmoja, kufanya kazi pamoja.

Ijaribu kwanza kwa watu 30 au 40. Anayekubali kipandio cha juu anatakiwa avikubali vyote vya chini. Kipimo cha Guttman kinataka walau majibu 90 kati ya 100 yafuate mpangilio huo. Yasipofika, mara nyingi kosa ni la mtafiti aliyepanga vipandio kwa kufikiri kwake. Pengine hapa kula sinia moja na mgeni ni jambo jepesi kuliko kuchangia naye choo.

Kuoana kunahitaji uangalifu mkubwa zaidi. Mzazi Mwislamu akikataa mkwe Mkristo, huenda anafuata sheria ya dini, wala hana neno na kabila. Miongoni mwa Wabondei wa Muheza wamo Waislamu na wamo Wakristo, wengi wa hao wakiwa Waanglikana kwa sababu ya misheni ya Magila. Ukiuliza "Mbondei" peke yake, kila mmoja atamjaza dini anayoidhani, na hutajua alikataa nini. Tengeneza maelezo manne ya mkwe wa kufikirika kwa kuchanganya makabila mawili na dini mbili, kisha kila mhojiwa apewe moja kwa bahati nasibu. Linganisha wastani wa majibu ya kila maelezo, na hapo kabila litajitenga na dini.

Utani nao huwapoteza wengi. Matusi baina ya watani ni dalili ya ukaribu. Anayeyahesabu kama chuki amesoma kipimo kinyumenyume.

Kwa jambo ambalo watu hawatalisema waziwazi, tumia orodha. Nusu ya wahojiwa wasikie kauli nne za kawaida. Nusu nyingine wasikie hizohizo na ya tano iliyo nyeti, kwa mfano kuudhika mtu wa kabila fulani akihamia chumba cha pili. Kila mmoja ataje idadi tu ya kauli zinazomuudhi, asiseme zipi. Wastani ukiwa 1.9 upande mmoja na 2.2 upande wa pili, tofauti ya 0.3 maana yake takriban asilimia 30 waliihesabu kauli nyeti. Kati ya zile nne, moja iwaudhi karibu wote (nauli kupanda ghafla) na moja isimuudhi karibu yeyote (mvua kunyesha wakati wa kupanda mahindi). Bila hivyo, anayesema "zote tano" amejifichua, na anayelijua hilo atapunguza hesabu.

Gharama yake ni idadi ya watu. Majibu yakitawanyika kuzunguka wastani kwa kipimo cha 1 (standard deviation), wahojiwa 200 kwa jumla watakupa kosa la karibu pointi 28 za asilimia juu au chini, yaani hujapima kitu. Ili kosa lishuke hadi pointi 10 unahitaji 1,600. Wanafunzi wengi hawana fedha hizo, na ni heri wabaki na ngazi kuliko kuchapisha orodha dhaifu.

Kisha wadadisi. Lafudhi ya Kisambaa au ya bara hutambulika kwa sentensi moja, na jibu hubadilika hapo hapo. Wagawe wadadisi kwa wahojiwa kwa bahati nasibu, na uandike nani alimhoji nani. Ukishapata kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na barua za mkoa, mwenyekiti wa mtaa akutambulishe, halafu mwombe kwa heshima aondoke; akiketi pembeni, kila mtu anawapenda wote.

Mwisho ni faili. Kabila, dini, umri na mtaa vikikaa mstari mmoja wa faili, katika mtaa mdogo vinatosha kumtambua mtu hata bila jina. Tenganisha mtaa na majibu kabla data haijatoka kwenye simu za wadadisi, na ufunguo wa kuviunganisha akae nao mtu mmoja tu.