Mwelimishaji rika haivi kwa hotuba

Semina nyingi za waelimishaji rika, wanaowafundisha wenzao kuhusu VVU, huanzia kwenye kirusi chenyewe: umbo lake, chembe za kinga za CD4, hatua za ugonjwa. Jioni ya siku ya kwanza madaftari yamejaa na hakuna hata mmoja aliyeshika kondomu. Wiki mbili baadaye mmoja wao anaulizwa na mwenzake mtaani, "Mpenzi wangu anameza ARV, zile dawa za VVU, ataniambukiza?" naye anaanza kuchora CD4.

Mimi nisingepita watu 20 kwa wawezeshaji wawili, siku tano. Ukiweka 40, nusu yao watarudi makwao bila kusimama mbele ya wenzao, na kazi yenyewe ni kusema. Katika kuchagua, tazama nani anaombwa ushauri mtaani. Cheti si hoja, na mwenye kupenda kuhubiri mwache.

Zoezi la kondomu ndilo linaloharibiwa zaidi. Mwezeshaji anaonyesha mara moja, anauliza "Tumeelewana?", wote wanaitika, basi. La hasha, kila mmoja aifanye mwenyewe kwenye kielelezo cha uume cha mbao huku mwenzake akimkagua: kusoma tarehe ya mwisho wa matumizi, kubonyeza pakiti kuona kama hewa bado imo, kuisogeza kondomu pembeni ndani ya pakiti, kuchana kwa vidole wala si kwa meno, kubana chuchu ya kondomu, kuviringisha hadi kwenye shina. Kosa linalojirudia ni kuiweka kichwani kinyumenyume, ikigoma kushuka wanaigeuza na kuendelea. Hiyo imeshagusa majimaji, itupwe ichukuliwe nyingine. Na wengi husahau mwisho wake: kushika kondomu kwenye shina na kutoa uume ungali umesimama. Mafuta ya kupaka mwilini hudhoofisha mpira wa kondomu, kwa hiyo kilainishi kiwe cha maji. Kuvaa mbili kwa pamoja hakuongezi usalama, zinaweza kusuguana na kupasuka.

PEP na PrEP, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, huchanganywa hata na wawezeshaji. PrEP hutumiwa na asiye na virusi kabla ya kukutana na hatari. PEP huanzwa baada ya tukio, mapema iwezekanavyo na ndani ya saa 72, kisha humezwa siku 28. Usiishie kuwakaririsha, wape tukio: kondomu imepasuka Ijumaa saa tano usiku, mtu anakuja Jumatatu saa mbili asubuhi. Utasikia wengi wakisema kachelewa, kwa sababu wamehesabu Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Saa zilizopita ni 57. Bado yumo, lakini aende kituoni sasa hivi, si kesho.

Kipindi cha dirisha, yaani muda ambao maambukizi bado hayaonekani kwenye kipimo, nacho kina mtego wake. Kipimo cha haraka kinachotafuta kingamwili kinaweza kuonyesha hana virusi hadi miezi mitatu baada ya maambukizi. Mwelimishaji asimwambie mtu "uko salama" kwa kipimo cha wiki ya pili.

Wapo wanaoficha kwamba mtu ambaye kipimo kimethibitisha virusi vyake havionekani kwenye damu, na anaendelea na dawa, haambukizi kwa ngono. Wanahofia watu wataacha kondomu. Kuficha huko kunawanyima watu sababu kubwa ya kushikamana na dawa. Kinachotakiwa ni mipaka: kauli hiyo ni ya ngono, isihamishiwe kwenye kuchangia sindano wala kunyonyesha, na haizuii kaswende wala mimba.

Kufundisha kutunza siri, tumia igizo: umemkuta jirani kliniki, kesho mnakutana kwenye msiba, mbele ya ndugu zake. Nani anaanza kusalimia, na anasemaje? Hapo ndipo midomo inapoteleza. Fomu ya rufaa, ya kumwelekeza mtu kituoni, isiandikwe neno VVU mahali pa kuonekana, na ufuatiliaji uwe "Ulifika? Ulihudumiwa?" Majibu ya kipimo hayaulizwi.

Baada ya semina kutaneni kila mwezi, mkileta maswali yaliyowashinda. Ukidai idadi ya waliofikiwa tu, utaipata: daftari lenye majina 60, kalamu moja, mwandiko mmoja, yote yameandikwa usiku wa kuamkia kikao. Dai fomu za rufaa zilizorudi na muhuri wa kituo, hata zikiwa nne.