Ninavyolinda kumbukumbu za wagonjwa kituoni Pemba

Katika kompyuta za kituo ninazozisimamia hapa Pemba, inayonisumbua ni ya chumba cha ultrasaundi. Bado inatumia Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuipa masasisho Januari 2020, na programu ya mashine haikubali toleo jipya. Nimeitoa kwenye mtandao kabisa. Picha zinachapishwa, mgonjwa anaondoka nazo. Mei 2017 kirusi cha WannaCry, kinachofunga mafaili na kudai fedha, kilizikumba hospitali za Uingereza kupitia tundu la usalama la Windows ambalo kiraka chake, yaani sasisho la kuliziba, kilishatoka Machi. Miadi ya maelfu ya wagonjwa ilifutwa.

Nakala za akiba naziweka kwenye diski mbili za nje, kwa zamu. Naichomeka saa kumi jioni, ikimaliza kunakili naichomoa. Diski inayolala imechomekwa si akiba: kirusi cha kudai fedha kikifunga mafaili ya kompyuta, hufunga na yake. Moja inakaa kabatini, nyengine jengo jengine, ndani ya kopo la mfuniko wa kubana pamoja na vifuko vya kufyonza unyevu, maana hewa ya chumvi hapa inakula hata plagi. Kila mwezi nafungua mafaili machache kwenye kompyuta nyengine, nione kama yanafunguka kweli.

Kioo kikianza kudai fedha, chomoa waya wa mtandao na zima Wi-Fi. Kompyuta usiizime, baadhi ya virusi huacha ufunguo wa kufungulia mafaili kwenye kumbukumbu ya muda (RAM), na ukizima unapotea. Diski ya akiba usiisogeze mpaka kompyuta isafishwe. Mapokezi wahamie kwenye fomu za karatasi, ziwemo tayari kwenye droo.

Ila diski hairudishi siri iliyokwisha toka. Finland, mwaka 2020, aliyeiba mafaili ya kampuni ya tiba ya kisaikolojia ya Vastaamo aliwaandikia wagonjwa wenyewe, akiwadai fedha. Na kwetu, jina la baba na shehia (mtaa) tu mtu keshajulikana. Kwa hiyo majibu ya VVU yanaingizwa kwa namba, na daftari la majina linafungiwa mbali. Kila mfanyakazi ana nywila yake, na mapokezi hawafunguliwi mafaili ya maabara. Diski zote mbili za akiba nimezifunga kwa BitLocker, programu ya Windows ya kuficha yaliyomo kwa nywila. Ikiibiwa, mwizi hasomi kitu.

Kazi ngumu zaidi ni picha za majibu anazotumiwa daktari kwa WhatsApp. Kuzikataza haikuwezekana, mgonjwa anasubiri. Tumekubaliana jina lifunikwe kabla ya kupiga, ibaki namba ya kadi, na picha ifutwe daktari akishajibu. Simu nazo zimezimwa kupeleka picha Google Photos zenyewe.