Kikombe nilikipata mapema, kufuli lilichelewa

Watu wakishajua kwamba nilikuwa teja huniuliza swali lile lile: uliachaje unga? Huwa nasita, maana unga nimeuacha mara nne. Mara ya kwanza wajomba walinifungia chumbani siku tisa. Mara ya pili nilipelekwa soba, nyumba ya kuachia unga. Ya tatu nilikuwa mahabusu, hiari haikuwepo. Kuacha nilikuwa najua. Kilichokuwa kinanishinda ni magharibi, jua linapozama na kila mtu Tanga anageuza baiskeli kuelekea kwao, mimi sina kwa kuelekea.

Nimezaliwa Ngamiani, kwenye zile barabara zetu za namba, na baba alikuwa fundi baiskeli. Kwa asiyeijua Tanga hilo laweza kuonekana jambo dogo. Hapa baiskeli wanapanda wote: ustadhi, mwalimu, mpasua mkonge, muuza samaki anayetoka Deep Sea alfajiri na tenga nyuma. Fundi anayejulikana hakosi kazi. Nilijua kunyoosha rimu kabla sijaota ndevu.

Unga nilianza nikiwa na miaka 19, kwa kokteli, yaani bangi iliyonyunyiziwa heroini ikavutwa pamoja na tumbaku. Nilipewa bure, kijiweni, na mtu niliyemwona rafiki. Sitaki kukaa sana hapo, hadithi hiyo kila teja anayo na zote zinafanana. Niseme tu kwamba baada ya mwaka hivi raha inakwisha. Unatumia ili uweze kusimama. Ukichelewa, arosto inakuja: miayo, makamasi, machozi bila kulia, tumbo linakatika, mifupa inauma kama imetiwa msumeno, unatetemeka kwa baridi huku jasho linakutiririka. Mtu aliye katika hali hiyo usimwulize habari ya aibu.

Niliuza spana za baba, kisha pampu. Kisha nikauza baiskeli ya mteja iliyoletwa kutiwa kiraka. Baba aliilipa kwa miezi mitano, halafu akaniambia bila kupandisha sauti, “Mwanangu, hapa usije tena.” Alifariki mwaka 2016. Habari nilizipata siku ya tatu, sokoni Mgandini, kutoka kwa mtu aliyedhani najua.

Nililala nje miaka sita, mingi kati ya hiyo kwenye pagale. Jumba lilikuwa limefika usawa wa renta, halina bati, vyumba vinne na ndani mpapai umejiotea. Tulikuwa kati ya wanane na kumi na wawili, inategemea msako wa polisi umepita lini. Usingizi wa pagale ni wa vipande. Unalala na viatu chini ya kichwa, mfuko wa skrepa umeuzungushia mkono, na ukisikia nyayo unaamka kabla hujajua kwamba umeamka. Mvua ya masika ikikata unahesabu matone ya kwenye nailoni. Kete ya usiku, yaani kipimo cha unga, basi, haikuwa anasa. Ndiyo lilikuwa shuka langu. Nataka hili lieleweke, maana ndiyo sababu ya kuandika.

Jumuiya iliyonisaidia ni ndogo, ina ofisi ya vyumba viwili na feni moja, na wengi wanaoiendesha ni watu waliowahi kutumia. Wanajiita waelimishaji rika. Aliyekuja pagaleni kwetu nilimfahamu. Tulikuwa kijiwe kimoja, na kwa mwaka mzima nilidhani amekufa. Alikuwa amenenepa na amevaa shati lililopigwa pasi. Sikuyatazama maneno yake, nilitazama mkunjo wa pasi kwenye mkono wa shati, nikajiuliza analipigia wapi.

Hakutuhubiria. Alileta uji kwenye chupa ya chai, dawa ya vidonda, na habari za kupima kifua kikuu na virusi. Akasema, “Kesho nitapita.” Akapita. Miezi mitatu alipita, na mimi miezi mitatu nilikunywa uji wake nikamwongopea.

Nilikuwa na kidonda mguuni ambacho kilianza kunuka. Akanipeleka zahanati. Muuguzi alifungua dirisha, akajiziba pua, akasema kwa mwenzake bila kunong'ona kwamba hawa wakifa ndipo mtaa unapopona. Nilikwisha sikia makubwa zaidi, hayakunigusa. Yule bwana akamjibu kwa upole, “Dada, huyu ni mdogo wangu. Naomba tumsafishe kidonda.” Nikashtuka kama nimemwagiwa maji. Mdogo wangu! Nilikuwa sijaitwa ndugu wa mtu tangu baba anifukuze. Wiki iliyofuata nikamwambia niandikishe.

Methadoni wengi wanaisikia kwa jina tu. Ni dawa ya majimaji, inanywewa mara moja kwa siku mbele ya mtoa dawa. Inakaa mwilini zaidi ya saa 24, kwa hiyo arosto haiji, na wewe hulewi, unapata akili ya kufikiri kitu kingine. Tanzania ilianza kuitoa Muhimbili mwaka 2011, nasi Tanga tunaipata hospitali ya Bombo, juu ya bahari, karibu na lile jengo kongwe la Wajerumani. Haina malipo. Walinipima mkojo, damu na kifua, wakanianzishia dozi ndogo, wakawa wanapandisha kidogo kidogo huku wananitazama macho. Ukikosa siku kadhaa mfululizo inabidi dozi ishushwe, kwa sababu mwili umeshasahau na ile ya zamani inaweza kukuua. Ukichanganya na pombe au vidonge vya usingizi, vivyo hivyo. Kwangu ilileta pia kufunga choo na jasho la ajabu, ambayo waliniambia mapema, nawashukuru kwa hilo.

Sasa sikiliza. Kikombe nikakipata, kila asubuhi nikakinywa, na miezi miwili baadaye mkojo wangu bado ulikuwa unaonyesha heroini. Nilikuwa natoka Bombo mtu, nazunguka mchana kuokota chupa, na jioni narudi wapi? Pagale. Humo wenzangu tisa wanavuta, moshi uko puani, mvua inanyesha, halafu mtu anakuambia, “Kaka, hata kidogo?”

Dada mnasihi wa jumuiya alinikalisha. Nilijiandaa kwa lawama. Yeye akatoa karatasi, akaniuliza, “Mara ya mwisho ilikuwa siku gani? Saa ngapi? Ulikuwa umekaa wapi?” Akaandika. Na kabla ya hapo? Akaandika. Tukafika mara kumi na moja, akaigeuzia karatasi kwangu. Zote zilikuwa kati ya saa moja jioni na saa tano usiku. Mchana hakuna hata moja. Akasema, “Kaka, weye dawa inakufanyia kazi. Nyumba ndiyo huna.”

Nadhani hilo ndilo jambo la maana zaidi nililowahi kuambiwa, na alilitoa kwenye karatasi iliyokuwa na risiti ya mchele upande wa pili.

Chumba hakikupatikana kirahisi. Fedha za jumuiya zilikuwa za uji, nauli na dawa za vidonda. Baadaye nilisimuliwa kwamba kikao kilikuwa kikali, wengine wakiuliza tukimlipia huyu kodi, wale wengine arobaini tuwaambie nini. Swali la haki kabisa, na mpaka leo sina jibu lake. Walikubaliana wanilipie miezi mitatu, nami baada ya hapo nijitegemee. Wenye nyumba wanne walitukatalia mara walipoona kucha zangu. Wanataka kodi ya miezi sita, na hawataki teja.

Wa tano alikuwa bibi mmoja wa Makorora. Nikamwamkia.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba. Weye mtoto wa nani?”

Nikamtajia baba. Akanyamaza, akautafuna ugoro wake. “Yule fundi? Alimtengenezea mwanangu baiskeli ya shule, hela akasema nitampa nikipata. Alikufa sijampa.” Akakubali miezi mitatu. Sikujua niseme nini, nikainama kufunga viatu ambavyo havikuwa na kamba.

Wakanikabidhi godoro, ndoo, sufuria moja, na kufuli lenye funguo tatu. Wiki ya kwanza sikuweza kulala kwenye godoro. Nililala sakafuni, viatu chini ya kichwa. Kimya kilinitisha. Niliamka usiku kufunga kufuli, nikalifungua, nikalifunga tena, mpaka bibi akagonga ukuta: “Mwanangu, mlango hautoroki!”

Mchana walinipeleka kwa fundi baiskeli wanayemfahamu, nifanye kazi kwa kujaribiwa. Akanipa gurudumu la nyuma nibadilishe gololi. Gurudumu la nyuma linachukua gololi 18, tisa kila upande. Unasafisha kikombe cha ekseli, unapaka grisi, unazipanga moja moja kwa ncha ya bisibisi, halafu unakaza koni kiasi kwamba ekseli inazunguka laini bila kucheza. Mtoto wa miaka kumi na mbili anaweza. Mimi mikono ilikuwa inatetemeka. Gololi ziliruka mchangani, nikawa napiga magoti kuzitafuta huku watoto wananicheka. Siku hiyo nilimaliza upande mmoja. Fundi hakusema kitu, alipitisha sumaku mchangani akaokota zilizobaki, akaziweka kwenye kifuniko cha soda. “Hizi za kesho,” akasema.

Nilichukua siku nane kufunga gurudumu zima bila kuangusha gololi. Mkojo wa kwanza msafi ulipatikana mwezi huo huo. Niliteleza tena mara moja, baada ya Idi, kwa upumbavu wa kwenda pagaleni kupeleka pilau. Pilau ni jambo jema, lakini nilipaswa kumtuma mwingine.

Mwezi wa nne nililipa kodi mwenyewe, noti za elfu mbili mbili zenye grisi. Sasa ni mwaka wa tatu. Bado nakunywa dawa, dozi inashuka polepole, na wanaoniambia kwamba methadoni ni unga wa serikali nimechoka kubishana nao. Lalamiko langu ni lingine. Kikombe cha kila siku kinanifunga mjini. Nilipata kazi nzuri Muheza nikaiacha, kwa kuwa nisingewahi kuwa Bombo asubuhi na huko pia.

Zile funguo tatu: mmoja ninao mimi, mmoja upo ofisini kwa jumuiya, tulikubaliana hivyo, nisipoonekana wafungue. Wa tatu ulikaa kwenye msumari hadi mwaka jana, mama alipokuja kuona ninapokaa. Alisimama mlangoni muda mrefu. Akahesabu vyombo kwa macho, akanusa shuka, akakaa ukingoni mwa kitanda kama mgeni. Nikautoa ule ufunguo msumarini nikampa.

“Wa nini?”

“Ukija nikiwa kazini, uingie.”

Akaufunga kwenye pindo la kanga, fundo mbili. Tukala wali na dagaa. Baadaye akaomba maji ya kwenda chooni, uani kwa bibi, na mkoba wake akaondoka nao.