Wale Kondoo Umemwachia Nani?

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Somo letu juma hili ni 1 Samweli 17, na ninaomba tusikimbilie kwa Goliathi. Tuanzie nyumbani kwa Yese. Wanawe watatu wakubwa, Eliabu, Abinadabu na Shama, wako vitani. Daudi, kitinda mimba, ndiye anayechunga kondoo. Siku arobaini yule Mfilisti anajitokeza asubuhi na jioni, na siku hizo zote kondoo wa Bethlehemu wanataka majani na maji kama kawaida. Vita haikuwapunguzia njaa.

Hapo ndipo ninapojiona. Mwaka 2013 nilikuwa kidato cha nne na baba, mwanajeshi, alikuwa Goma. Machi mwaka ule Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2098, ikaundwa brigedi maalumu ya askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, iwakabili waasi wa M23 na makundi mengine yenye silaha mashariki mwa Kongo. Hayo niliyasoma baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba baba aliondoka alfajiri na begi lake la kijani, akaniambia nisiiache Hesabu.

Ulikuwa mwaka mzito kwa familia za wanajeshi. Julai 13 walinzi wa amani saba, wote Watanzania, waliuawa Darfur, Sudan. Baba hakuwa huko, lakini kota nzima ilinyamaza, akina mama wakakaa barazani mpaka usiku mkubwa bila kuzungumza. Agosti 28 afisa mmoja Mtanzania akauawa karibu na Goma. Safari hii ilikuwa kwetu. Siku mbili simu ya baba haikupatikana. Mama alizima redio kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili, akavaa sare yake ya uuguzi, akaenda zamu ya usiku. Nikabaki na wadogo zangu wawili na daftari la Baiolojia ambalo usiku ule sikuona ndani yake hata neno moja.

Kanisani tuliwaombea askari kila Jumapili, na ilikuwa haki yao. Mimi niliambiwa, "Baba yako ni shujaa, usilie." Walisema kwa upendo, najua. Lakini mtoto akiambiwa hivyo kila Jumapili, anaanza kuona hofu yake kama aibu anayompaka baba yake. Nikawa nalilia chooni shuleni, nanawa uso, narudi darasani.

Eliabu alipomwona Daudi kambini alimkaripia: wale kondoo wachache umemwachia nani? Aliuliza kwa dharau, ila swali lenyewe ni zuri, na jibu lake liko juu kidogo, aya ya 20. Daudi aliamka alfajiri, akawaacha kondoo kwa mlinzi, ndipo akaondoka. Huyo mlinzi hatajwi jina wala hatumsikii tena. Bila yeye Daudi asingefika bonde la Ela.

Mlinzi wangu alikuwa mama mmoja wa jumuiya yetu, mwalimu mstaafu. Kila Jumanne na Alhamisi alikuja jioni na kanga yake begani, akachukua sufuria mkononi mwangu, akasema, "Nenda kasome, mwanangu. Hawa ninao mimi." Aliwaogesha wadogo zangu, akawalisha, akawalaza. Sikumbuki kama alinihubiria hata siku moja. Ninakumbuka saa tatu za kusoma bila kusikiliza mlango.

Mwangalieni na Yese. Mzee yule hakuwatumia wanawe maneno ya ushujaa. Aliwatumia bisi na mikate kumi, akamwagiza Daudi awaangalie hali zao na amletee jawabu. Alitaka kujua kama ni wazima.

Mwezi ujao watoto wetu wa kidato cha nne wanaingia kwenye mtihani. Katika sharika zetu zipo nyumba ambazo baba, na siku hizi hata mama, yuko kwenye ulinzi wa amani, Kongo au Jamhuri ya Afrika ya Kati. Ninawasihi, mkimkuta mtoto wa nyumba hiyo mlangoni mwa kanisa, msimwambie asilie. Muulizeni analala saa ngapi, nani anabaki na wadogo zake, siku ya mtihani wa Hesabu nani atawapikia. Kisha mmoja wenu achukue sufuria.

M23 walitangaza kuacha mapigano Novemba 5, nami niko katikati ya mtihani. Baba alirudi mwaka uliofuata, matokeo yangu yakiwa yameshatoka na ameshayasikia kwa simu. Katika daftari la Hesabu nilikuwa nimechora nyota pembeni ya kila swali lililonishinda, kwa ajili yake, maana yeye ndiye aliyekuwa akinifundisha. Nilimwonyesha kama kumbukumbu tu. Akaomba kalamu. Akaketi mezani na fulana yake ya ndani, mama akamsogezea taa, akaanza kwenye nyota ya kwanza.