Msiba na kazi za umma katika nyumba ya Mikasa

Kukaa msiba katika familia ya kifalme ya Japani kuna madaraja. Aliyefiwa na baba, mama au mume hukaa mwaka mzima. Aliyefiwa na babu au bibi mzaa baba hukaa siku 150. Kuanzia hapo siku hupungua kadiri undugu unavyokuwa wa mbali: 90, 30, 7, hadi 5. Madaraja hayo yaliandikwa katika amri ya kifalme ya mwaka 1909. Amri yenyewe ilifutwa Mei 1947, katiba mpya ilipokuwa inaanza kazi, lakini watu wa kasri wameendelea kuhesabu vilevile mpaka leo, kwa desturi.

Hakuna tawi la familia hiyo lililolazimika kuihesabu mara nyingi hivi karibuni kuliko nyumba ya Mikasa. Mwanamfalme Takahito, mkuu wake wa kwanza, kitinda mimba wa Mfalme Taisho na mdogo wake Mfalme Showa (Hirohito), alimwoa Yuriko Oktoba 1941. Walijaliwa watoto watano. Mabinti wawili, Yasuko na Masako, waliolewa nje, na kwa sheria wakatoka katika familia ya kifalme. Wana wote watatu waliwatangulia wazazi wao. Norihito, aliyepewa nyumba yake ya Takamado, alifariki Novemba 21, 2002 akiwa na miaka 47, baada ya kuanguka akicheza skwoshi katika ubalozi wa Kanada. Tomohito alifariki Juni 6, 2012, baada ya kuugua saratani kwa miaka mingi. Yoshihito wa Katsura, ambaye hakuoa, alifariki Juni 8, 2014. Baba yao alifuata Oktoba 27, 2016 akiwa na miaka 100. Bibi Yuriko akabaki mkuu wa nyumba, mjane aliyezika wanawe wote, hadi Novemba 15, 2024, alipofariki akiwa na miaka 101 katika hospitali ya St. Luke's jijini Tokyo, alikolazwa tangu Machi.

Mazishi ya watu wa daraja hili hayakamiliki kwa siku moja. Mwili hurudishwa nyumbani, katika viwanja vya Akasaka ambako nyumba nyingi za familia ziko, kisha hutiwa katika jeneza mbele ya wana ukoo peke yao. Tangu hapo jeneza huwekewa chakula cha sadaka kila siku. Baadaye huhamishiwa chumba kikuu cha nyumba, na huko makaburini ardhi itakayochimbwa hufanyiwa ibada ya kuitakasa. Mkesha ni wa usiku mbili. Kabla ya kwenda kuzika, hutengwa pia chumba maalumu nyumbani na kuwekwa humo kitu kinachoisimamia roho ya marehemu. Chumba hicho watu wengi hawakisikii kabisa, nacho ndicho msiba unamoendelea mwaka mzima baada ya kamera kuondoka.

Siku yenyewe ya mazishi ina ibada mbili. Ya Yuriko ilikuwa Novemba 26, 2024 katika makaburi ya Toshimagaoka, wilaya ya Bunkyo, yaliyopakana na hekalu la Gokoku-ji. Wafalme wenyewe hawazikwi hapo, wana makaburi yao Hachioji, magharibi ya Tokyo. Ibada ya kwanza ni ya hadhara: kuhani wa Kishinto husoma maneno ya kumuaga marehemu, wajumbe wa Mfalme na Malkia hutoa heshima zao, kisha mfiwa mkuu, wana ukoo na wageni, mmoja baada ya mwingine. Baada ya hapo mwili wa Yuriko ulipelekwa Ochiai, wilaya ya Shinjuku, ukachomwa, na mabaki yakarudishwa Toshimagaoka siku hiyohiyo kwa ibada ya pili, ya kaburini. Alilazwa pamoja na mumewe. Kesho yake ibada hufanyika tena, nyumbani na kaburini, halafu siku ya 50, siku ya 100 na mwaka unapotimia. Mwaka ukishapita, roho huhamishwa kutoka chumba cha nyumbani na kuunganishwa na za wahenga katika madhabahu ya kasri.

Mtu akitazama picha za mazishi haya huuliza mbona Mfalme hayupo. Kwa desturi Mfalme na Malkia hawaendi kwenye ibada ya mazishi ya mtu wa familia aliye chini yao, hutuma wajumbe. Heshima zao huzitoa nyumbani kwa marehemu. Kutokuwepo kwao makaburini kusichukuliwe kuwa ni ubaridi. Mfalme ndiye anayeongoza ibada za madhabahu ya kasri, na mwenye msiba hazikaribii ibada hizo. Ibada kuu ya mavuno huangukia Novemba 23 kila mwaka, na mwaka 2024 tarehe hiyo ilikuja siku nane tu baada ya kifo cha Yuriko. Kama Mfalme Naruhito angehesabiwa siku nyingi, ibada iliyo nzito kuliko zote za mwaka ingekwama. Undugu wake na marehemu, mke wa baba mdogo wa baba yake, ulikuwa wa siku chache tu.

Wajukuu wa Yuriko hawakuwa na nafuu hiyo. Siku 150 kuanzia Novemba 15, siku ya kifo ikihesabiwa ya kwanza, zinaishia Aprili 13, 2025. Tazama kilichoingia humo: pongezi za Januari mosi kasrini, salamu za Januari 2 ambapo familia hujitokeza barazani mbele ya umma, somo la kwanza la mwaka ambalo wasomi humtolea Mfalme, hafla ya mashairi ya Mwaka Mpya, na siku ya kuzaliwa ya Mfalme, Februari 23. Januari 2, 2025 barazani walikuwapo Mfalme na Malkia na binti yao Aiko, wazazi wa Mfalme waliostaafu, Akihito na Michiko, na Mwanamfalme Akishino, mdogo wa Mfalme, na mkewe na binti yao Kako. Mikasa na Takamado hawakuonekana. Umma unapoona familia imepungua barazani, mara nyingi maelezo yake yako kwenye hesabu hii na wala si kwenye ugomvi au maradhi kama magazeti ya udaku yanavyopenda kudhani.

Lakini msiba hausimamishi kazi zote. Kinachoachwa ni ibada za kasri na mambo ya sherehe. Mkutano wa chama cha walemavu, ziara ya utafiti au shughuli ya chama ambacho marehemu mwenyewe alikuwa mlezi wake si sherehe, na huweza kuendelea mazishi yakishapita. Hata harusi haivunjwi kirahisi. Posa ya Noriko, binti wa pili wa Norihito wa Takamado, ilitangazwa Mei 27, 2014. Siku 12 baadaye baba yake mkubwa, Yoshihito, akafariki. Harusi ilifungwa mjini Izumo Oktoba 5 mwaka huohuo. Mwaka 1989, wakati kasri zima likiwa katika msiba wa Mfalme Showa, posa ya mjukuu wake Fumihito, ndiye Akishino wa leo, iliidhinishwa, na harusi ikangoja hadi Juni 1990.

Sasa nije kwenye suala la mfiwa mkuu, kwa maana hapo ndipo ukoo unapojulikana umebaki na nani. Mfiwa mkuu hupokea wageni wakuu, hutangulia katika kila ibada, na jina lake ndilo linalosimama kwa niaba ya nyumba. Mwaka 2002 alikuwa Hisako, mjane wa Norihito mwenye mabinti watatu wa miaka 16, 14 na 12. Mwaka 2016 alikuwa Yuriko mwenyewe, akiwa na miaka 93, akimzika mwenzake wa miaka 75 ya ndoa. Na mara mbili, mwaka 2012 na 2024, alikuwa Akiko: kwanza kwa baba yake Tomohito, kisha kwa bibi yake Yuriko. Alikuwa na miaka 30 mara ya kwanza. Katika tawi hili hakuna mwanamume aliyebaki. Wanawake watano ndio wanaolibeba: Nobuko mjane wa Tomohito na binti zake Akiko na Yoko, na Hisako mjane wa Norihito na binti yake mkubwa Tsuguko.

Kinachorithiwa zaidi katika nyumba hizi ni ulezi wa vyama. Kila mwanafamilia huwa mlezi au rais wa heshima wa jumuiya kadhaa, na akifariki kila jumuiya huomba mrithi, mara nyingi kutoka nyumba ileile. Hisako aliingia katika nafasi za mumewe, ukiwamo ulezi wa heshima wa shirikisho la soka la Japani, na kwa nafasi hiyo alikwenda Urusi kwenye Kombe la Dunia la 2018. Kabla yake, tangu 1916 hakuna mtu wa familia hiyo aliyekuwa amefanya ziara huko. Mumewe, miezi michache kabla ya kufariki, alikuwa amekwenda naye Korea Kusini kwa Kombe la Dunia la 2002, ziara ya kwanza ya namna hiyo tangu Vita vya Pili vya Dunia. Mtu akisema wajane wa kifalme hupokea posho kwa kukaa nyumbani, mfano wa Hisako unatosha kumjibu.

Nyumba isipokuwa na mrithi, ulezi hutawanyika. Yoshihito wa Katsura hakuacha mke wala mtoto, kwa hiyo nyumba ilifungwa pamoja naye. Jumuiya yake ya kilimo ilikwenda kwa Akishino. Chama chake cha sanaa za mikono kilikwenda kwa Mako, binti mkubwa wa Akishino, na Mako alipoolewa Oktoba 2021 kikapita kwa mdogo wake Kako. Hapo shida huonekana wazi: chama kinachopewa mlezi wa kike ambaye hajaolewa kinajua kwamba siku ya harusi yake kinaweza kumpoteza, kwa sababu Sheria ya Nyumba ya Kifalme ya 1947 humtoa mwanamke anayeolewa na mtu asiye wa familia hiyo. Ayako, binti mdogo wa Takamado, alipata njia ya kati. Alipoolewa Oktoba 2018 alitoka katika familia, lakini akaendelea na baadhi ya ulezi wa heshima, ikiwamo jumuiya ya urafiki wa Japani na Kanada. Binafsi naona hilo ndilo jambo la busara kuliko yote yaliyofanyika humo kwa miaka mingi.

Pengo kubwa la msiba wa Yuriko halikuwa la ulezi, lilikuwa la ukuu wa nyumba. Tomohito alikuwa mwana mkubwa, ndiye aliyetarajiwa kurithi jina la Mikasa, na kwa sababu hiyo hakupewa jina lake mwenyewe kama wadogo zake. Akafa kabla ya baba. Mwaka 2013 kaya yake ikahesabiwa kuwa sehemu ya nyumba ya wazazi wake. Yuriko alipofariki, chini ya paa hilo walibaki mjane wa mwana mkubwa na mabinti wawili wasioolewa, na kwa miezi kumi nyumba haikuwa na mkuu. Uamuzi ulipatikana Septemba 30, 2025, katika Baraza la Uchumi la Nyumba ya Kifalme, chombo cha watu 8 kinachoongozwa na waziri mkuu. Akiko akawa mkuu wa Mikasa, na Yoko akabaki naye. Nobuko akaanzisha kaya yake mwenyewe kwa jina la marehemu mumewe. Nyumba za wanafamilia zikawa 5 badala ya 4.

Baraza la uchumi lilihusika kwa sababu ukuu wa nyumba hubadilisha posho, na fomula yake inafaa kueleweka. Kiwango cha msingi ni yeni 30,500,000 kwa mwaka, cha mwanamfalme mwenye nyumba yake. Mkewe hupata nusu. Mjane anayeongoza nyumba hupata kiwango kizima. Binti wa damu mwenye nyumba yake hupata nusu ya kiwango, na kama yuko mbali zaidi ya mjukuu wa mfalme hupunguzwa tena hadi sehemu 7 kati ya 10. Akiko ni kitukuu wa Mfalme Taisho. Kwa hiyo Nobuko alipanda kutoka yeni 15,250,000 hadi 30,500,000, na Akiko kutoka 6,405,000 hadi 10,675,000. Simwonei Nobuko kijicho, anastahili nyumba yake. Lakini mwanamke aliyekuwa mfiwa mkuu mara mbili na anayeongoza jina la Mikasa kupewa karibu theluthi tu ya kiwango cha mjane ni ishara kwamba sheria hii iliandikwa bila kumfikiria mtu kama yeye.

Bunge la Japani limekuwa likijadili kama wanawake wabaki katika familia baada ya kuolewa. Kwa sheria ilivyo, Akiko akiolewa na raia wa kawaida hutoka, na nyumba hubaki mikononi mwa Yoko. Yoko naye akiolewa hivyo, Mikasa itafungwa kama Katsura ilivyofungwa, na kila chama kilichokuwa chini yake kitaandika barua ya kuomba mlezi mwingine.