Simu yangu ina nguvu ila Android yake imezeeka, hivi ndivyo nilivyoipangia kazi

Nauza dagaa kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba hapa Mwanza. Nanunua kwa wanaoshusha mizigo kutoka visiwani, wateja wangu wengi wako Dar na Kahama na wananunua kwa kuona picha tu. Sasa picha ya dagaa sio ya kupiga ilimradi jamani. Mteja anayejua mzigo haanzi na bei, anaivuta picha mpaka aone tumbo la dagaa, anatafuta mchanga. Dagaa aliyeanikwa kwenye chanja, yaani meza ya kuanikia iliyoinuliwa juu ya ardhi, anang'aa kama fedha na mstari wa mgongo unauona, aliyeanikwa chini anakuwa na vumbi limemgandia na hata umpepete vipi ukimtafuna unasikia kwachakwacha. Kamera isipoionyesha hiyo tofauti, mimi na wa mchangani bei yetu moja.

Mwanzo nilikuwa na simu mpya ya dukani, Android 13, RAM 3, kwenye boksi wameandika kamera kubwa tu. Saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijakaa vizuri ilikuwa inanitolea picha kama uji, dagaa wote wameshikana. Mama mmoja wa Mbagala nilimtumia akanijibu, "Mwanangu, hao ni dagaa au makapi?" Iliniuma sana kwa sababu mzigo ulikuwa wa chanja safi kabisa. Halafu ukifungua WhatsApp na kamera kwa pamoja simu inaganda, wateja wanasubiri.

Basi nikaenda Makoroboi nikachukua used kwa laki mbili na tisini. Simu ya 2017, ilikuwa ya bei kubwa enzi zake, prosesa Snapdragon 835, RAM 6, memori 128 na ile memori yenyewe ni ya UFS, aina yenye kasi, sio eMMC ya polepole kama nyingi za bei rahisi, ndio maana video ikisevu haikwami. Kioo cha OLED, rangi zinatoka vizuri. Kesho yake alfajiri nikapiga gunia moja limefunguliwa mdomo na kila dagaa akaonekana peke yake. Yule mama wa Mbagala akachukua magunia manne.

Shida ikaja wiki ya tatu. Programu ya benki yangu ikagoma kufunguka, inasema toleo la simu halikubaliki. Nikaingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, nikakuta Android 9 na apdeti ya mwisho ya usalama ni ya 2020. Android 9 ni ya 2018! Muuzaji hakuniambia na mimi sikuuliza, niliuliza RAM, betri na kama kioo kimebadilishwa, basi.

Nikaanza kusoma usiku usiku nielewe. Kumbe Google wakitoa Android mpya haiji moja kwa moja kwenye simu yako, kampuni iliyotengeneza chipu, yaani prosesa, lazima iandae upande wake, halafu kampuni ya simu nayo iifanyie kazi kwa kila modeli, mmoja wao akiacha basi simu imebaki hapo hapo hata kama prosesa bado ina nguvu za kufanya yote. Ile 835 yangu inaishinda mbali ile simu mpya niliyoiacha, lakini matundu ya usalama, yaani kasoro ambazo wezi wanapitia kuingia kwenye simu, yaliyogunduliwa baada ya 2020 hayajazibwa. Na hayo matundu sio hadithi, mwaka 2015 lilitangazwa moja la Stagefright ambapo ujumbe wa picha tu wa MMS ulitosha kuingilia simu. Chrome nayo mwaka 2025 ikaachana na Android 8 na 9, toleo la 138 ndio la mwisho kwetu.

Nikampelekea fundi. Akasema, "Dada, naiflashi, nafuta mfumo wa kampuni nakuwekea LineageOS, Android inayotengenezwa na watu wa kujitolea, unapata Android mpya kabisa." Nikamuuliza kamera itabaki hivi hivi? Akanyamaza kidogo, akaniambia ukweli, namheshimu kwa hilo: "Kamera ndio mtihani, ile ya kampuni inaondoka na ule ufundi wake wa kusafisha picha, na benki zingine bado zitakukatalia." Sasa si ndio kamera niliyoinunulia? Nikarudi nayo.

Nilichoamua ni kwamba hela isikae humo. Laini ya M-Pesa nikaitoa nikaiweka kwenye kitochi, *150*00# haijali Android ya mwaka gani maana inapita kwenye mtandao wenyewe wa simu. Benki nayo nikahamia kwenye menyu yao ya kitochi. Barua pepe nikaitoa, iko kwa simu ya mume wangu. Ile kubwa ikabaki na laini ya wateja, WhatsApp, kamera na programu ya kukata video, mengine yote nikafuta.

WhatsApp yenyewe haijanisumbua, Oktoba 2023 walipoacha Android 4 walibaki wanataka kuanzia 5. Nikaweka ile PIN ya WhatsApp ya tarakimu sita, inayoulizwa mtu akitaka kuisajili namba yako kwenye simu nyingine, nikazima mafaili yasijishushe yenyewe. Hilo la mafaili nalisisitiza kwa wenzangu wote wa Mwaloni, kuna mtu nisiyemjua alinitumia kitu kinaitwa risiti, nikaangalia mwisho wa jina nikaona .apk. Risiti gani ni programu? Nikaifuta na yeye nikamblock hapo hapo. Linki zikija naziangalia kwenye simu ya mume wangu jioni, haijawahi kutokea oda ikanipita kwa sababu hiyo.

Kero iliyopo ni kutembea na simu mbili sokoni mikono ina magamba, kitochi nimekishonea mfuko ndani ya kitenge. Betri nayo ilikuwa imechoka, nilibadilisha kwa elfu thelathini na tano na sasa inafika saa tisa mchana ndio naitafutia chaji.

Najua siku moja WhatsApp nayo itakataa 9, kwa hiyo kila gunia likiuzwa naweka elfu mbili pembeni. Ninayoitaka ni zile ambazo kampuni zenyewe zimeahidi apdeti za miaka saba, Google Pixel 8 ya 2023 au Samsung Galaxy S24 ya 2024. S24 hata nikiipata used mwaka 2028 itakuwa imebakiza miaka mitatu, na kamera zake nimeshaziona kwa jirani yangu wa sangara, magamba ya samaki unayahesabu.