Mashindano ya mashairi ya askari wastaafu Lamu: mtoto asikie kwanza, ndipo aandike

Mashindano mengi ya aina hii hukosea mwanzo. Shule hutangaza mada, wanafunzi hurudi nyumbani, na baada ya wiki majaji wanaletewa tungo hamsini zenye mshororo mmoja: "Shujaa wetu hodari, ulitutetea nchi." Mizani imetimia, ila mzee anayetungiwa hayumo. Angeweza kuwa askari yeyote.

Dawa yake ni kumkutanisha mtoto na mzee kabla kalamu haijashikwa. Wanafunzi watatu kwa mzee mmoja wanatosha, wakae naye mara mbili, dakika arubaini kila kikao, mwalimu au mzazi akiwepo. Wengi waliozoea milio ya bunduki na mizinga masikio yao yamepungua, basi muulize mapema sikio gani linasikia vyema, mtoto akae upande huo.

Maswali yawe ya vitu vinavyoshikika. Mlikula nini? Barua zilifikaje nyumbani? Ulirudi na kitu gani sandukuni? Swali la "uliua wangapi" lipigwe marufuku waziwazi, kwa sababu kuna mtoto atakayeliuliza. Mzee akinyamaza, mtoto asikimbilie swali jingine. Ahesabu kimoyomoyo hadi kumi. Mara nyingi neno lenyewe huja baada ya kimya hicho.

Tuseme mzee ametaja kulala na viatu na chakula kuingia mchanga. Hapo shairi linapata mwili:

Viatu hakuvivua, usiku alipolala,
Mchanga akachambua, ndani ya chake chakula.

Mizani ni nane kwa nane kama ule mshororo wa kwanza, lakini huyu ni mtu, na wenziwe watamtambua.

Wazee wenyewe si wa vita vimoja. Waliokwenda Burma na King's African Rifles, jeshi la Waingereza la enzi ya ukoloni, katika Vita vya Pili vya Dunia karibu wote wametangulia mbele ya haki, kwa hivyo hapo anayehojiwa ni mtoto wake au mjukuu, na kinachotazamwa ni nishani au picha. Walio hai wengi ni wa baadaye: waliolinda amani Namibia mwaka 1989 au Sierra Leone, na walioingia Somalia kuanzia Oktoba 2011. Hawa wa mwisho wana familia zinazoishi humu humu, karibu na mpaka. Jina la kikosi, mtaa wa nyumba na picha ya uso visitoke nje ya ukumbi bila idhini yake ya maandishi. Kwa watoto, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi.

Kuna jambo zito pia. Vita vya Shifta, kati ya serikali ya Kenya na waasi waliotaka kujiunga na Somalia, 1963 hadi 1967, viliwaondoa Wabajuni wengi katika vijiji vyao vya bara, na nyumba nyingine za Lamu hukumbuka askari kwa uchungu. Mtoto wa nyumba hiyo asilazimishwe kusifu. Tunamheshimu mtu na aliyoyapitia, na shairi linalouliza maswali lipewe haki sawa na la sifa.

Kuhusu alama, sisi tunapendekeza 40 kati ya 100 ziwe za mambo yaliyosikika kwa mzee, 25 za vina na mizani, 20 za lugha, 15 za kughani. Arudhi, yaani vina na mizani, ikipewa nusu, washindi watakuwa wale wale wanaosaidiwa na ami zao malenga. Na kuhusu kusaidiwa: rasimu ya kwanza iandikwe darasani, dakika themanini, daftari la mahojiano mezani na simu zote kwa mwalimu. Karatasi zipewe namba badala ya majina. Majaji watatu: mwalimu wa Kiswahili, malenga, na askari mstaafu ambaye hakuhojiwa na mshiriki yeyote.

Fainali tunaipenda karibu na Mashujaa Dei, tarehe 20 Oktoba. Mahojiano yafanyike muhula wa pili, kila shule na wazee wa kijiji chake, maana Juni na Julai kusi huvuma na si busara kuwapakia watoto wa Faza au Siyu, kisiwani Pate, mashuani. Oktoba bahari imelegea, lakini bado angalia bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo): Mkanda, mlango wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara, haupitiki vizuri maji yakitoka, na ratiba isiyofuata maji itawaacha watoto wa Pate njiani huku zawadi zikigawiwa.

Siku yenyewe mzee akae safu ya mbele kabisa, mbele ya wageni wa heshima, na hotuba zisizidi dakika tatu. Tumeona wazee wa miaka sabini wakisubiri juani saa mbili ili shairi lao lisomwe mwisho, watu wakiwa wameshainuka. Mashairi yatangulie.

Mtoto akimaliza kughani amkabidhi mzee nakala yake. Ichapwe kwa herufi kubwa, pointi 18 au zaidi, kisha ipigwe lamineti. Fremu ya kioo isiyozibwa vizuri nyuma huingiza unyevu wa pwani, na kabla mwaka haujaisha karatasi ina madoa na wino umeanza kusambaa.